Tuwahesabu ndege wa kijitoni kabla ya kushika panga

Katika siku za karibuni pamezuka mtindo hapa Kidichi na vijiji jirani ambao mimi, nikiwa mkulima mwenzenu, siwezi kuunyamazia. Kijito kinachopita bondeni kwetu kina ukanda wa miti pande zote mbili: miembe ya zamani, mizambarau, michikichi, na chini yake matete na vichaka. Kila mwenye eneo linalopakana na kijito ameanza kuuona ukanda huo kuwa ni ardhi iliyolala bure. Wapo waliokwishafyeka ili kuongeza mistari miwili mitatu ya migomba na majimbi.

Ukiwauliza sababu, jibu linalotangulia mdomoni si migomba. Ni ndege. Utaambiwa kuwa miti ile ndiyo nyumba ya ndege, kwamba wakitoka pale asubuhi wanakwenda kumaliza mpunga, na kwamba kunguru wanajificha pale wakivizia vifaranga.

Ni sababu inayoingia akilini, mpaka umuulize aliyeitoa: ni ndege gani? Hapo wengi wetu hukwama. Tunamjua kunguru, tunamjua njiwa, tunamjua kuku. Waliobaki wote ni "videge". Mfanyabiashara wa Darajani akiibiwa dukani hawafukuzi wateja wote kwa kuwa mmoja wao ni mwizi. Sisi wakulima ndivyo tunavyofanya.

Nakiri kuwa nami nilikuwa miongoni mwao. Masika moja nililipata panga, nikampata na kijana wa kunisaidia, nikateremka bondeni. Njiani nikakutana na bibi mmoja jirani yangu ambaye ameamia mpunga tangu angali mtoto.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Panga hilo la nini asubuhi yote hii?"

Nikamweleza habari za miti na ndege. Akanitazama kidogo, akasema, "Umekaa ukawatazama hao ndege, au umesikia tu wanasemwa?"

Sikuwa na jibu. Kijana nikamlipa nusu ya kibarua chake akarudi nyumbani, na kesho yake baada ya Sala ya Alfajiri nikateremka tena na daftari la skuli badala ya panga. Nilikaa asubuhi 12 na jioni kadhaa chini ya mwembe mmoja ulioinama juu ya maji. Niliyoyaona ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

Nianze na mnana, kwa sababu ndiye anayeshitakiwa zaidi. Huyu ni ndege wa manjano anayefuma kiota. Dume ndiye fundi. Anachana ukuti au tete mbichi kwa mdomo, anarudi na uzi wake, anaufunga kitanzi kwenye ncha ya tawi lililoning'inia juu ya maji, ambako nyoka hafiki kwa urahisi. Kisha anafuma mpaka nyumba ikamilike, ananing'inia chini yake akipiga mbawa na kelele ili jike aje kukagua. Jike anaingia, anavutavuta, akiona kazi si nzuri anaondoka zake. Nimeona dume akiachwa mara tatu, na nyuma yake kiota kikinyauka na kuwa cha kahawia. Mwishowe akakibomoa mwenyewe akaanza kingine palepale. Wenye kujenga nyumba za kupangisha huko Bububu watamhurumia.

Kosa la mnana ni kweli lipo. Mpunga unapotia maziwa, anakuja. Asiyeamia katika wiki hizo atavuna makapi, na sitaki mtu adhani nakataa jambo hilo. Lakini nilipowatazama wakilisha vifaranga wao, kilichokuwa mdomoni hakikuwa punje. Kilikuwa kiwavi, panzi, buibui, mdudu huyu na yule. Kifaranga wa mnana hukuzwa kwa nyama, kama ilivyo kwa ndege wengi tunaowajua kuwa wala nafaka. Anayelisha watoto watatu haendi shambani mara moja kwa siku. Nilijaribu kuhesabu safari za jozi moja, nikapoteza hesabu kabla jua halijachomoza sawasawa. Kwa maneno mengine, mnana anatudai na sisi tunamdai, na muda wa deni letu kwake ni mrefu kuliko muda wa deni lake kwetu.

Wapo walioifunga hesabu hiyo vibaya wakajuta. Mwaka 1958 serikali ya China chini ya Mao Zedong iliwatangaza shomoro kuwa miongoni mwa maadui wanne wa taifa, kwa kosa la kula nafaka. Watu walitoka kwa mamilioni wakapiga masufuria na ngoma ili shomoro wasitue mpaka waanguke kwa uchovu. Viota vikabomolewa, mayai yakavunjwa. Kilichofuata ni wadudu kuzidi mashambani, wakiwamo nzige, na mwaka 1960 shomoro akaondolewa katika orodha, nafasi yake akapewa kunguni. Nchi ilikuwa tayari imo katika njaa kubwa. Njaa ile ilikuwa na sababu nyingi za kisiasa na si shomoro peke yake, ila hakuna aliyesema baadaye kuwa kumuua shomoro kulisaidia.

Sasa tuje kwa kweche, yule mdogo mwekundu mwenye tumbo jeusi anayevaa rangi hizo wakati wa kuzaa na kisha kurudi kwenye kahawia kama jike. Kwa Kiingereza ndege huyu amepewa jina la Zanzibar, nasi tunamfukuza kwa teo. Naye anakula mpunga, hana ubishi. Lakini katika asubuhi zote 12 sikumwona hata mara moja ndani ya kivuli cha miembe. Makao yake ni kwenye majani marefu mahali palipo wazi. Niliwakuta wengi zaidi katika kipande cha jirani aliyefyeka mwaka uliotangulia, kwa sababu migomba yake haijafunga kivuli na majani yamepanda hadi kiunoni. Vivyo hivyo wale videge wadogo wa kahawia wanaotembea makundi makundi kama vumbi linalopeperuka.

Hili ndilo jambo ninaloliomba lisomwe mara mbili. Wala punje wanapenda mahali peupe penye majani. Wala wadudu na wala matunda ndio wanaopenda miti ya kijitoni. Kwa hiyo anayekata miti ili kupunguza ndege wa mpunga anawaondoa wale wanaomsaidia na kuwakaribisha walewale anaowakimbia. Amelipa kibarua ili ajiibie.

Na wasaidizi wenyewe ni wengi kuliko nilivyodhani. Yupo ndege mwenye mkia mrefu wa rangi ya matofali ambaye hatulii. Anaruka kutoka tawini, anamdaka mdudu hewani, anarudi. Mdiria anakaa kimya juu ya maji kama mtu anayengoja zamu ya mkopo, kisha anatumbukia. Kuanzia Oktoba hivi hadi Aprili wapo mbayuwayu wanaotoka Ulaya kukimbia baridi, nao hupita juu ya mabonde ya mpunga midomo wazi. Dudumizi, ambaye sauti yake ni kama maji yanayomiminika kutoka chupani, anatembea chini vichakani akitafuta panzi, konokono na vipanya. Wazee husema akilia mvua i karibu. Mimi nimemsikia akilia siku tatu jua likiwaka, kwa hiyo msianike wala msianue karafuu kwa kauli yake. Nimwongezee na hili ili nisionekane mtetezi wa kulipwa: dudumizi huyohuyo nilimwona akitoka kwenye matete na kinda la ndege mwingine mdomoni.

Jioni hutoka bundi. Najua watu wanavyomchukulia, kuwa ni uchuro na ndege wa wachawi, na najua vijana wanavyompiga mawe akionekana juu ya paa. Naomba tu mtu achunguze chini ya mti anakolala. Atakuta vidonge vya manyoya na mifupa ambavyo bundi huvitapika baada ya kula, na akivivunja atakuta mafuvu ya panya. Panya hao ndio wanaotoboa madafu yetu na kufukua mihogo. Sumu ya panya dukani inauzwa na inaua kuku pia. Bundi hauzwi wala hahitaji leseni.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa viungo. Wakulima wengi wa Kidichi na Kizimbani wameona miche ya mdalasini ikiota yenyewe mahali ambapo hakuna aliyepanda, hasa chini ya miti mikubwa. Aliyepanda ni kwezi, au shore, au ninga. Wanakula tunda dogo jeusi la mdalasini, wanakwenda kutua kwenye mti wa kijitoni, wanaiacha mbegu pale. Kule Ushelisheli mdalasini uliletwa mwaka 1772 katika bustani ya Wafaransa kisiwani Mahé, na ndege ndio walioutawanya mpaka milima ikajaa mdalasini. Huko umekuwa mwingi hata ukasonga miti ya asili, jambo ambalo si zuri. Hapa kwetu mche wa bure ni mche wa bure.

Pilipili kichaa nayo ni hivyohivyo. Ukali unaotutoa sisi machozi ndege hausikii kabisa, kwa kuwa mwili wake haukuumbwa kuutambua. Mnyama akitafuna pilipili anaumia na mbegu zinasagika. Ndege anameza tunda zima na kulipanda mbali. Nani kati yetu hajawahi kuchuma kikapu cha pilipili kutoka kwenye mche ulioota wenyewe ukingoni mwa shamba akaupeleka sokoni bila kujiuliza ulifikaje?

Nimemwacha kunguru mpaka sasa kwa makusudi, maana habari yake inataka nafasi yake.

Kunguru huyu wa mjini, mwenye shingo ya kijivu, si mwenyeji. Ni ndege wa Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 kwa wazo kwamba atasaidia kusafisha taka za mji. Alifanya kazi aliyoitiwa, kisha akaendelea na nyingine ambazo hakuna aliyemtuma: mayai, vifaranga, viota vya ndege wadogo, matunda. Haikuchukua muda mrefu wenyeji wake wakaanza kumhesabu kuwa mharibifu. Miaka ya mwanzo ya 1990 ilifanyika kampeni kubwa ya kumpunguza hapa Unguja kwa mitego na sumu maalumu, na waliokuwapo wanakumbuka jinsi ndege wadogo walivyoanza kuonekana tena mjini. Fedha za mradi zilipokwisha kampeni ikasimama, na kunguru akarudi kama vile hakuna kilichotokea. Kwa upande wa jirani zetu wa Kenya, mwaka 2024 serikali yao ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja katika pwani, kwa malalamiko hayahaya ya wakulima na wenye hoteli.

Sasa nieleze nilichokiona kijitoni. Asubuhi kunguru waliingia Kidichi wakitokea upande wa mjini, wawili wawili, watano watano. Hawakushuka kwenye miti ya kijito. Walishuka kwenye majaa, nyuma ya mabanda ya kuku wanakochinjia, na mahali wanapolishwa wageni wa mashamba ya viungo, ambako wali na maganda ya matunda hutupwa nje bila kufukiwa. Walipomaliza ndipo walipozunguka uwani kutafuta vifaranga. Jioni wengi walirudi walikotoka, maana kunguru hulala pamoja kwa makundi makubwa karibu na watu. Wakati wote ule miti ya kijitoni ilikuwa kinga ya ndege wengine dhidi yake: kiota kilichomo ndani ya kivuli na matete hakukiona, kile kilichokuwa peke yake kwenye mti uliobaki baada ya kufyeka alikimaliza.

Mimi mwenyewe nimepoteza vifaranga saba kwa kunguru katika wiki moja, na niliapa kumtilia sumu. Sikumtilia, na namshukuru Mungu. Sumu ya mtu mmoja mmoja inaua paka, kuku wa jirani na bundi, huku kunguru, mwerevu kama alivyo, akimwona mwenzake amekufa mahali hapo harudi tena. Kinachomuumiza kunguru ni njaa. Jaa likifunikwa, matumbo ya kuku yakifukiwa, mabaki ya chakula cha wageni yakitiwa shimoni siku ileile, safari ya kutoka mjini haitakuwa na faida kwake. Hili linahitaji kijiji kizima na sheha kulisimamia, na linahitaji wenye mashamba ya viungo waongoze, kwa kuwa taka nyingi ni zao. Nasema hivyo nikijua kuwa wapo marafiki zangu watakaonuna.

Na kwa kuwa nimewataja, niseme na upande wa biashara. Kila siku ya msimu magari ya wageni yanapanda Kidichi. Wanaonyeshwa karafuu, hiliki, vanila na kungumanga, wanavishwa kofia za makuti, wananunua paketi mbili tatu. Wengi hupitishwa pia kwenye hamamu aliyoijenga Seyyid Said bin Sultan mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrzad. Humo ndani hunyanyua simu zao kupiga picha nakshi za chokaa zenye maua na ndege. Kisha wanapanda gari na kuondoka, bila mtu hata mmoja kuwaambia kuwa mita chache bondeni ndege wenyewe wapo hai wanafuma.

Wako watu duniani wanaosafiri maelfu ya maili kwa ajili ya ndege tu, na huamka alfajiri, saa ambazo mashamba yetu ya viungo hayana mgeni yeyote. Pemba ina ndege wa aina nne wasiopatikana mahali pengine popote. Unguja hatuna hilo, lakini tuna barabara, hoteli na wageni waliokwishafika. Jozani wakulima waliopakana na msitu walikuwa wakigombana na kima punju kwa kula mazao yao. Hata kabla ya eneo lile kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, ulikwishawekwa utaratibu wa kuwapa wakulima sehemu ya mapato ya wageni. Haukumaliza kila manung'uniko. Ila aliyekuwa akimwona kima kuwa hasara tupu alianza kumpigia hesabu upya.

Wapo watakaoniambia kuwa ardhi imekwisha, watoto wamekuwa wengi, viwanja vinauzwa, na mimi nazungumza habari za videge. Nawaelewa, nami nina watoto. Siombi mtu aache shamba lake liwe msitu. Naomba hatua 15 kila upande wa maji zisiguswe panga, na pale palipokwishafyekwa pachipuzwe tena. Mistari miwili ya migomba inayopotea hapo ni hasara ya kweli, na sitajifanya kuwa si kitu. Lakini ukingo ulio wazi nao hula ardhi: jirani yangu aliyefyeka alipoteza mgomba mmoja baada ya mwingine maji ya masika yalipoumega udongo, na sasa mpaka wake uko nyuma ya pale ulipokuwa.

Tena maji yenyewe si yetu peke yetu. Chemchemi za upande huu wa Bububu na Mtoni ndizo zilizonywesha mji tangu Seyyid Barghash alipoyapeleka maji kwa mabomba katika karne ya 19, na msitu wa Masingini hapo juu umehifadhiwa kwa sababu hiyohiyo ya vyanzo vya maji. Mfanyabiashara wa Mji Mkongwe anayedhani makala haya ni ya watu wa shamba afungue mfereji wake kwanza.

Kwa anayetaka kuanza, gharama ni daftari, kalamu na asubuhi chache. Akae mahali pamoja bila kusogea, kwani ndege humzoea mtu baada ya robo saa hivi. Aandike si jina tu bali alichokuwa anakifanya: alikuwa anakula nini, ametoka wapi, ameelekea wapi. Asiyelijua jina la ndege aandike rangi na sauti, kisha aende kuwauliza wanawake wanaoamia mpunga Bumbwisudi na mabonde mengine. Wanajua zaidi kuliko wengi wetu tunaoandika magazetini. Afanye hivyo masika na vuli, maana wanaokuja masika si wote utakaowaona vuli.

Mwembe wangu ulioinama bado upo. Vijana wawili wanaotembeza wageni wamekwishanijia kuomba niwafundishe majina, na kila mmoja anataka darubini. Tunayo moja, ya kuazimana, na kioo chake cha kushoto kina ufa.